MBACHAO NA MSALA
Mas'ala ya mbegu ya kale na mbegu mpya

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola aliyeiotesha mimea katika ardhi na akaupa kila mmoja silaha yake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baadu:

Watu wa pwani wana methali ijulikanayo na wadogo na wakubwa, kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni mkeka mkuukuu uliochakaa kwa kukaliwa, na msala upitao ni ule mzuri uonekanao mikononi mwa mtu anayepita nao. Methali hii hutajwa sana katika khabari za ndoa na urafiki na biashara. Lakini yako mas'ala ambayo methali hii yayahusu hasa, nayo ni mas'ala ya mbegu. Mtu aliyerithi kwa babaye pingili za muhogo wa zamani, kisha akaletewa pingili za muhogo mpya uzaao zaidi na usioshikwa upesi na maradhi, je, yajuzu kwake kuung'oa ule wa kale wote akauchoma, hata usibakie mti mmoja? Au iko haki juu yake ya kuuhifadhi?

Wenye kuyazungumza mas'ala haya wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lasema kwamba shamba la mtu ni mali yake, na kuweka kisichofaa ni kupoteza ardhi na nguvu, na kupoteza mali kumekatazwa. Kundi la pili lasema kwamba viumbe vyote ni amana, na kukiacha kitu kipotee ni khiyana, basi kila mtu na akiweke kila kitu. Kila kundi lina hoja yake, na kila kundi limepita mpaka. Na ili hukumu ipatikane sawasawa, yapasa kwanza lijulikane jambo lenyewe lilivyo. Kwani wanavyuoni wamekwisha kuthibitisha kwamba asiyekifahamu kitu hawezi kukihukumu.

MMEA NA WALINZI WAKE

Mnyama akijiwa na adui huweza kukimbia, na akiingiwa na maradhi damu yake huwachukua askari wa mwili kutoka pahala hata pahala. Mmea hauna miguu wala hauna damu. Kwa hiyo, kwa ada aliyoiweka Mwenyezi Mungu katika viumbe vyake, kila chembe ya mmea imepewa kujilinda yenyewe. Chembe ni kijumba kidogo kisichoonekana kwa macho matupu, na mwili wa kila kilicho hai umejengwa kwa chembe. Ndani ya kila chembe mna maandiko ya urithi ambayo mmea umeyapokea kwa wazazi wake, na kila fungu la maandiko hayo lenye kazi yake huitwa jeni. Na neno hili lisichanganywe na jini. Katika jeni hizo ziko zenye kazi ya kuwafanyiza walinzi.

Walinzi hao ni wa namna mbili. Wa kwanza husimama katika ngozi ya chembe mfano wa bawabu mlangoni. Kazi yao ni kuzitambua alama zilizo za maadui wote kwa jumla, kama bawabu ajuavyo kwamba mwenye kuparamia ukuta usiku si mgeni wa kheri, ajapokuwa hamjui jina lake wala kabila lake. Lakini maadui wajanja, wakiwa kuvu au bakteria, huingiza ndani ya chembe vitu vidogo vya kuwalaza mabawabu usingizi. Hapo ndipo ifikapo zamu ya walinzi wa namna ya pili, ambao hukaa ndani ya nyumba. Hawa hawajui alama za jumla. Kila mmoja wao hujua alama ya adui wake, au hukilinda kitu kimoja cha mwenye nyumba, na kitu hicho kikiguswa huamka.

Mlinzi wa ndani akiamka hafanyi mzaha. Katika mwaka wa 2019 wataalamu wa Uchina walionyesha namna mmoja katika ukoo huo afanyavyo kazi: walinzi watano wa aina moja hukutana wakafanya duara mfano wa gurudumu, kisha wakaitoboa ngozi ya chembe yao wenyewe. Chembe hiyo hufa, na adui aliyekuja kula katika kilicho hai hujikuta amezungukwa na kilichokufa, asipate chakula wala njia ya kupita. Mara nyingi alama ya mambo hayo ni kidoa kidogo kilichokauka juu ya jani. Apitaye akakiona hudhani kuwa ni maradhi, kumbe ni pahala chembe chache zilipokufa ili jani lisalimike.

KILA MLINZI NA ADUI WAKE

Alikuwako Marekani, katika jimbo la North Dakota, mtaalamu aitwaye Harold Flor, aliyeshughulika na mmea wa kitani na maradhi yake yaitwayo kutu. Jambo alilolifanya ambalo wengi kabla yake hawakulifanya ni kwamba hakuutazama urithi wa mmea peke yake, bali aliutazama na urithi wa adui wake pia, akazizalisha aina za kitani kwa kuzichanganya, na aina za kutu vile vile. Katika miaka ya 1940 akabainisha kwamba kwa kila jeni ya ulinzi iliyomo katika kitani, iko jeni moja katika kutu inayokabiliana nayo. Mlinzi mmoja, na alama moja anayoijua. Katika mwaka wa 1995 wataalamu wa Australia waliitoa mojawapo ya jeni hizo za kitani wakaisoma, nayo ikaonekana kuwa ni ya ule ukoo wa walinzi wa ndani.

Basi na afikiri msomaji ni nini maana ya jambo hilo. Adui akiibadili alama yake moja, au akiiacha kabisa, yule mlinzi aliyekuwa akiijua huwa kama kipofu. Yupo mahali pake, silaha yake i mkononi, wala hakuna upungufu wowote uliompata. Lakini mwizi hupita mbele yake asimwone. Mmea haukudhoofika, ni adui aliyegeuka. Kwa sababu hiyo kinga iliyofaa jana haimwahidi mtu chochote kwa kesho, na mwenye kusema "muhogo huu haushikwi" hakusema kweli mpaka aongeze "na maradhi ya leo."

UKOO WA WALINZI ULIVYOKUA

Ikiwa adui hugeuka kila wakati, mmea umebakije ulimwenguni? Jawabu lake limo katika namna jeni za walinzi zilivyozidi na kugeuka katika muda wa vizazi vingi. Wala hapa hapasemwi khabari ya asili ya mwanadamu, ambayo ina mahali pake. Panasemwa yaliyosomwa katika maandiko ya mimea yenyewe na ambayo kila mwenye vyombo vya kuyasomea huyaona.

Maandiko ya urithi hunakiliwa kila chembe inapozaa chembe. Katika kunakili, mara kwa mara hutokea fungu moja likaandikwa mara mbili, kama mwandishi aliyeinakili sahifa moja mara mbili kwa kusahau. Katika kitabu jambo hili ni kosa. Katika mmea, huenda likawa mlango wa kheri. Kwani nakala ya kwanza ikishika kazi yake ya zamani, nakala ya pili haina kazi inayoifunga. Ikigeuka herufi zake, mmea haudhuriki. Vizazi hupita, herufi hugeuka moja baada ya moja, na nyingi katika nakala hizo huharibika zikawa maandiko matupu yasiyo na kazi. Lakini mojawapo katika nyingi hutokea ikawa yajua alama ambayo hapana mlinzi aliyeijua kabla yake. Siku ambayo adui mwenye alama hiyo atakapokuja, atamkuta anayemjua. Kwa njia hii jeni hizo huzaliwa na kufa, ukoo mmoja ukapanuka na mwingine ukakoma.

Ndiyo maana jeni hizo aghalabu hukutwa zimekaa pamoja mafungu mafungu, kama nyumba za ukoo mmoja katika mtaa mmoja. Hesabu zake zatofautiana sana. Katika mmea mdogo wa jamaa ya haradali uitwao Arabidopsis, ambao wataalamu hupenda kuutumia kwa majaribio, zimehesabiwa kiasi cha 150. Katika mpunga zapita 400. Katika mpapai hazifiki 60. Na katika muhogo, kwa hesabu iliyotolewa mwaka wa 2015, zilipatikana 228 zilizo kamili, na 99 nyingine zilizo pungufu, na zaidi ya nusu yake zilikuwa zimekaa katika mafungu hayo.

Mwenye kuziangalia zile 99 pungufu angeweza kusema kwamba ni taka. Lakini katika rundo hili la nakala zisizo na kazi leo, au zenye kazi isiyojulikana, ndimo mlinzi wa kesho atokeamo. Lau mmea ungetupa kila nakala isiyofaa leo, usingekuwa na cha kugeuza siku ya haja. Basi kundi la pili lafurahi hapa na kusema: hoja ni yetu, na kila kitu kiwekwe. Na wangoje kidogo.

KINGA NAYO INA GHARAMA YAKE

Katika mwaka wa 2003 ilitolewa khabari ya jaribio lililofanywa kwa ule mmea wa jamaa ya haradali. Ilipandwa mimea iliyo sawasawa kwa kila kitu, ila kwamba mingine ilikuwa na mlinzi mmoja maalumu na mingine haikuwa naye. Ikapandwa shambani pasipo adui ambaye mlinzi huyo amjua. Ilipohesabiwa mbegu, ile yenye mlinzi ilizaa pungufu kwa kiasi cha asilimia 9. Askari hula hata siku isiyo na vita.

Na liko kubwa kuliko hilo. Katika mwaka wa 2007 wataalamu waliokuwa Tübingen, Ujerumani, walieleza kwamba mimea miwili iliyo mizima, kila mmoja ukiwa na walinzi wake mwema, huweza kuchanganywa ikazaa mtoto dhaifu, majani yake yakafa pasipo maradhi yoyote. Sababu yake ni kwamba mlinzi aliyetoka kwa baba na kitu kilichotoka kwa mama havikuzoeana, mlinzi akamdhania wa nyumbani kuwa ni mwizi, akaanza kuua. Basi si kila aongezaye walinzi huongeza salama.

Hapa kundi la kwanza nalo laweza kufurahi na kusema: mwaona? Kuweka kila kitu ni khasara. Nalo ni kweli, lakini si kweli yote. Kwani katika mwitu, mlinzi yule wa jaribio la 2003 hakuenea katika mimea yote, wala hakupotea. Tangu zamani za kale mno, baadhi ya mimea ya aina hiyo inaye na baadhi haina, na hali hizo mbili zimekaa pamoja. Adui azidipo, walio naye husalimika. Adui apunguapo, wasio naye huzaa zaidi. Hapana mmea mmoja ubebao walinzi wote, kwa kuwa haungeyaweza masurufu yao. Wala hapana mlinzi aachwaye na wote. Kinachobeba hazina nzima si mti. Ni kabila la miti.

Hili ndilo jambo ambalo makundi yote mawili yamelisahau. La kwanza lilimtazama mtu mmoja na shamba lake, likaona mzigo haubebeki, likasema na utupwe. La pili liliona kwamba hazina haifai kupotea, likamtwika mtu mmoja mzigo wote. Na mzigo huu si wa mmoja. Ni wa jamaa.

WALIOEGEMEA NGUZO MOJA

Mfano wa waliotupa mbachao ni khabari ya ngano. Ngano ina adui mkubwa aitwaye kutu ya shina. Ilipatikana kinga nzuri kutoka katika nafaka nyingine iitwayo rai, ikatiwa katika ngano, ikaenea katika mashamba ya nchi nyingi, na kwa miaka mingi kutu hiyo ikawa kama khabari ya kale. Kisha katika mwaka wa 1998, nchini Uganda, ikaonekana kutu iliyoipita kinga hiyo. Ikaitwa Ug99. Katika mwaka wa 2001 ilikuwa Kenya, katika 2003 Ethiopia, katika 2006 ilikuwa imekwisha kuvuka bahari ikafika Yemen, na katika 2007 ikapatikana Uajemi. Haikuwa na haja ya jeshi jipya kwa kila shamba. Ufunguo mmoja ulifungua milango mingi, kwa kuwa milango mingi ilifungwa kwa kufuli moja.

Walipokwenda kutafuta walinzi wengine, waliwapata wapi? Katika mwaka wa 2013 zilitangazwa jeni mbili za ukoo huu wa walinzi wa ndani zinazoizuia Ug99. Moja ilitoka katika ngano ya kale ya punje moja, ambayo wakulima wengi walikwisha kuiacha kwa uchache wa mavuno yake. Ya pili ilitoka katika jani la mwitu limeaalo Uajemi na pande za Bahari ya Kaspi, ambalo mkulima wa ngano huling'oa kama magugu. Ngano bora iliokolewa na zile zilizodharauliwa.

MUHOGO WA PWANI

Asiseme mtu kwamba hayo ni ya nchi za ngano. Muhogo ulitoka Brazil, na baada ya kufika pwani hii umekuwa chakula cha maskini na tajiri. Maradhi yake ya batobato, yanayoyakunja majani na kuyatia madoa ya manjano, yaliandikwa khabari zake katika mwaka wa 1894 kutoka nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Na maradhi ya michirizi ya kahawia yalielezwa mwaka wa 1936 na H. H. Storey wa kituo cha Amani, katika milima ya Usambara. Haya ya pili ni maradhi ya hila. Mti husimama vizuri juu ya ardhi, na mkulima hungoja mwaka mzima; siku ya kung'oa, hukata muhogo akaukuta ndani umekauka na kuoza kwa rangi ya kahawia, haulishi mtu wala mnyama.

Zamani za Wadachi ulipandwa katika nchi hiyo mti wa mpira ulio jamaa ya muhogo, nao pia asili yake ni Brazil. Bei ya mpira iliposhuka katika mwaka wa 1913, mti huo ukadharauliwa, na mashamba mengi yakaachwa. Hapo Amani, kati ya mwaka wa 1937 na 1957, Storey na wenziwe waliuchukua mti huo ulioachwa wakauchanganya na muhogo, kisha watoto wake wakawarejeza kwa muhogo tena na tena, hata wakapata mihogo yenye kuyastahimili maradhi. Baadhi ya uzao wa kazi ile ulipelekwa Nigeria, na kutokana nao zikatolewa baadaye huko Ibadan mbegu mpya zilizoenea Afrika. Batobato kali ilipoiangamiza mihogo ya Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, mbegu zenye nasaba hiyo zilikuwa katika zilizowarudishia watu chakula.

Lakini kinga ya batobato si kinga ya michirizi. Tangu mwaka wa 2004 michirizi ya kahawia, ambayo kabla yake ilijulikana zaidi kwa nchi za chini za pwani, ilionekana ikienea katika nchi za juu za Uganda, na mbegu nyingi zilizoshinda batobato zikashindwa nayo. Wakatafuta tena. Na mojawapo ya mihogo iliyoonekana kuistahimili michirizi kuliko mingi ni ule uitwao Namikonga, uliokuwa mikononi mwa wakulima wa kusini mwa Tanzania. Uliposomwa urithi wake, ilionekana kwamba ni sawa na ule uitwao Kaleso katika pwani ya Kenya, nao nasaba yake ni katika kazi ya Amani. Baada ya kazi ile kufungwa, wakulima waliendelea kukata pingili na kuzipanda mwaka baada ya mwaka, wengine wakiuita kwa jina hili na wengine kwa jina lile. Kisha Namikonga ukatumiwa kuwa mzazi wa mbegu mpya.

Na ijulikane kwamba si kila kinga ya mmea ni ya ule ukoo wa walinzi. Katika mwaka wa 2022 ilibainishwa kwamba kinga moja kubwa ya muhogo juu ya batobato yatokana na jeni ya kazi nyingine kabisa, ile ya kunakili maandiko ya urithi yenyewe. Lakini jambo hili lazidi kuitia nguvu hoja: mwenye kuutupa mti hajui ametupa nini, kwa kuwa kinga hukaa hata pahala ambapo hapana aliyefikiri kuitafuta.

HUKUMU YA MAS'ALA

Katika sharia mna fardhi za namna mbili. Fardhi aini humlazimu kila mtu kwa nafsi yake, mfano wa Sala tano. Hawezi mwenziwe kumfanyia. Fardhi kifaya huilazimu jamaa kwa jumla. Wakiisimamia wa kutosha, wengine huwa wamesalimika, na isiposimamiwa na mtu, dhambi huwashika wote walioweza wakaacha. Na wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafi'i, naye Imam Nawawi ni mmoja wao, wamezihesabu katika fardhi kifaya zile kazi ambazo maisha ya watu hayatimii ila kwa hizo. Bila shaka chakula ni katika hizo. Na kama kuzihifadhi mbegu ndiyo njia ya chakula kubakia, basi njia hufuata hukumu ya kinachokusudiwa.

Kwa hiyo jawabu kwa kundi la kwanza ni hili: kuichukua mbegu mpya yenye kufaa ni jambo jema, wala si kuwavunjia heshima wazee, lakini kuiacha ya kale ipotee katika nchi nzima si haki ya mtu yeyote, kwa sababu ametupa kisichokuwa chake peke yake. Na jawabu kwa kundi la pili ni hili: maskini mwenye nusu ekari na watoto wanne hakulazimishwa kuyafanya makonde yake kuwa hazina ya ulimwengu. Kuwalisha watoto wake ni fardhi aini juu yake, nayo hutangulia. Mwenye kumlaumu kwa kupanda muhogo uzaao zaidi amemdhulumu.

Basi mzigo huu ni wa nani? Ni wa wenye uwezo kwanza: wenye mashamba makubwa, na wenye madaraka, na vituo vya kilimo vyenye ardhi na elimu. Na maskini naye, ikiwa atasaza mashina matatu ya muhogo wa babaye pembeni mwa konde, huku akijua jina lake na sifa yake, amefanya sadaka ambayo huenda wakala kwayo watu asiowajua. Madrasa yenye kiwanja yaweza kuweka safu moja ya kila muhogo ujulikanao katika mtaa wake. Ama shamba la wakfu, mtazamaji wake na aangalie kwanza sharti la mwenye kuliweka. Ikiwa sharti halikatazi, kheri, na ikiwa lakataza, hairuhusiwi kulivunja sharti kwa ajili ya kheri nyingine.

Na katika kuhifadhi kuna masharti. Mwenye kuuweka muhogo wa kale asiuweke ulio mgonjwa akawaambukiza jirani, wala asimpe mwenziwe pingili za mti uliokunjamana majani, kwani hapana kujidhuru wala kudhuru mwingine. Na kwa kuwa michirizi hujificha, na atazame na mizizi kabla ya kukata pingili. Amana si kukiweka kitu tu, bali ni kukiweka kwa namna isiyowadhuru watu.

Huenda akatokea mtu akasema kwamba kuyahangaikia haya yote ni upungufu wa tawakali, na kwamba lililoandikwa litakuwa. Huyu na aikumbuke safari ya Sayyidna Umar bin Khattab, Mungu amridhie, alipoirudisha njiani misafara yake asiingie Sham kwa sababu ya tauni. Abu Ubaida alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akamfahamisha kwamba hata huko kukimbia ni katika kadari, kama mchunga ayaachavyo malisho makavu ya upande mmoja wa bonde akawapeleka wanyama wake upande wenye majani. Mmea hauna tawakali wala hauna ukafiri, nao umefuata ada aliyowekewa ya kuweka akiba ya walinzi kwa ajili ya adui ambaye bado hajaja. Mwanadamu aliyepewa akili, je, anastahili kuwa mghafilika kuliko muhogo?

Basi methali ya wazee imesimama, lakini na ifahamiwe vizuri. Haikusema usiutwae msala. Msala ukipatikana utwaliwe na kusaliwa juu yake. Imesema usiuache mbachao. Na ikiwa nyumba moja haina nafasi ya mikeka miwili, mtaa haukosi. Zamani ilitosha kwa jirani kujua ni nani mwenye mbachao, ili siku ya haja wamwendee. Na wajulishane hivyo hivyo leo ni nani mwenye muhogo gani, kabla wazee wanaoyajua majina yake hawajaondoka.

Mwenyezi Mungu atuafikie kuilinda amana, na atuepushe na kughurika kwa salama ya siku moja. Naye ndiye Mjuzi zaidi wa lililo sawa.